Tone kwenye Jani la Mkadi

Nyumbani kwetu mtungi ulikaa kwenye kona ya ukumbi, juu ya kigoda, na karibu kila usiku mjusi kafiri mmoja alishuka ukutani kuja kunywa. Hakuyagusa maji ya ndani. Mtungi wa udongo hutoka jasho, na jasho lile hujikusanya tumboni mwa mtungi mpaka likawa matone. Mjusi alijibandika hapo kichwa chini, akatoa ulimi mpana wa rangi ya waridi, akalamba tone moja, akatulia, akalamba la pili. Hatua mbili kutoka hapo palikuwa na kibakuli cha maji ya kuku kilichojaa pomoni. Sikumwona hata siku moja akikikaribia. Bibi hakuturuhusu tumfukuze, kwa kuwa alikula mbu, nasi tulilala chini tukimtazama hadi usingizi ukatuchukua.

Miaka mingi baadaye nilimkumbuka mjusi yule kwa sababu ya simu iliyotoka Ujerumani.

Binti ya dada yangu anafanya kazi huko, na upweke wa majira ya baridi ulimfanya atafute kiumbe cha kumpa salamu asubuhi. Akanunua mjusi. Alipomchagua hakujua kwamba amemchagua mtu wa kwao: kibandiko cha dukani kilikuwa na jina la kisayansi tu, Lygodactylus williamsi, na ni karatasi za kibali ndizo zilizomwonyesha neno Tanzania. Mjusi huyo ni wa Morogoro. Dume lake ni la buluu inayong'aa kama kigae kilichooshwa, koo jeusi, tumbo la rangi ya chungwa. Jike ni la kijani chenye shaba. Mwili mzima, kutoka pua hadi ncha ya mkia, hauzidi sana urefu wa kidole cha mtu mzima, na uzito wake haufikii kijiko cha chai cha sukari.

Siku ya nne akanipigia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Habari za huko?"

"Nzuri, ila huyu mjusi hanywi. Nimembadilishia maji mara tatu leo, hata kuyatazama hayatazami."

"Umeyaweka wapi?"

"Kwenye kibakuli, chini. Dukani ndivyo walivyonielekeza."

Alinitumia video. Nilipoitazama mara ya pili niliisimamisha kwenye jicho. Jicho la mjusi mwenye afya limejaa, limevimba kidogo kama punje ya pilipili manga. Hili lilikuwa limezama, na pembeni mwake palikuwa na kivuli. Ubavuni ngozi ilijikunja mistari midogo. Maji yalikuwapo, tena safi, ya bomba la mji ambalo watu wake hunywa bila kuchemsha. Mjusi alikuwa anakauka mbele ya maji.

Ndiyo maana sura hii naianza hapa, kabla ya kufika kwenye vijidudu na madini. Vitabu vingi vya ufugaji huanza na kipimo: maji haya ni salama, yale si salama. Mimi naona swali la kwanza ni jingine. Je, mnyama mwenyewe anayatambua kuwa ni maji? Maji asiyoweza kuyaona hayamfai kitu, hata yawe yamechujwa mara kumi.

Ili kumwelewa inabidi twende kwao. Msitu wa Kimboza uko upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, kwenye ardhi ya chini, juu ya mawe ya chokaa yaliyotobolewa na maji kwa miaka isiyohesabika. Ni msitu mdogo, kama hekta 400 tu. Ndani yake imesimama mikadi ya msituni, miti yenye majani marefu mithili ya panga, yenye miiba kingoni, yaliyojipanga kwa kuzunguka shina. Watu wa pwani wanaujua mkadi kwa maua yake yanayonukia. Mjusi wa buluu anaujua kwa jambo jingine: ndiyo nyumba yake, na hana nyumba nyingine. Dume mmoja hulinda mkadi wake, hula humo, huoga jua humo, na jike hubandika mayai yake mawili mawili nyuma ya majani. Mvua ikinyesha, maji huteremka kwenye jani lililojikunja kama mfereji na kukusanyika kwenye makwapa ya majani, pale jani linapokutana na shina. Alfajiri, hata bila mvua, umande hukaa juu ya jani. Mjusi huyu huzaliwa, huishi na kufa akinywa kutoka kwenye jani. Kidimbwi cha chini ni nchi ya wengine: ya vyura, ya nyoka, ya kila kinachoweza kummeza.

Arthur Loveridge ndiye aliyempa jina la kisayansi, mwaka 1952. Kwa nusu karne baada ya hapo karibu hakuna aliyemjali isipokuwa wataalamu wachache. Kisha biashara ya wanyama wa kufugwa ikamwona. Watafiti walikadiria kwamba kati ya Desemba 2004 na Julai 2009 kundi moja tu la wakamataji lilichukua mijusi zaidi ya 32,000, pengine hata 42,000, na hiyo ilikuwa karibu asilimia 15 ya mijusi wote wa aina hii duniani kwa wakati huo. Njia iliyotumika inauma zaidi kuliko hesabu: mara nyingi mkadi ulikatwa ili mjusi aliyejificha katikati ya majani afikiwe. Mtu alichukua mkazi na nyumba akaibomoa. Mwaka 2012 mjusi huyu aliwekwa katika kundi la viumbe walio hatarini zaidi kutoweka. Tangu mwanzoni mwa 2017 yuko katika orodha ya juu kabisa ya mkataba wa CITES, ile inayokataza biashara ya kimataifa ya wanyama waliokamatwa porini. Wanaouzwa Ulaya kihalali leo ni wale waliozaliwa kwenye vizimba, wenye karatasi zao. Na msomaji aliyeko Tanzania ajue kuwa hawezi kwenda Kimboza kujichukulia mmoja: mnyama wa porini hafugwi bila kibali, na huyu hata kwa kumwonea huruma tusimguse.

Wa binti ya dada yangu alizaliwa Ujerumani. Hajawahi kuuona mkadi. Lakini ulimi wake ni wa Kimboza.

"Chukua chupa ya kupulizia," nilimwambia, "lakini iwe mpya, si iliyowahi kutiwa dawa yoyote. Tia maji ya uvuguvugu kidogo. Nyunyizia majani na kioo, usimlenge usoni. Kisha zima redio, kaa mbali, umtazame."

Aliweka simu juu ya rafu, nami nikatazama pamoja naye. Matone yalijipanga kwenye jani, mengine yakiungana na kuteremka. Kwa dakika mbili au tatu mjusi hakutikisika. Halafu tone moja likateleza na kukamata mwanga wa taa, naye akageuza kichwa. Akasogea. Akanusa jani kwa ncha ya ulimi, mguso mmoja wa haraka, kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. Kisha akaanza kulamba kwelikweli, tone kwa tone, akipanda na jani lenyewe hadi juu. Koo lilikuwa likicheza. Alipomaliza jani akahamia kwenye kioo. Tulihesabu matone hadi arobaini na kitu, kisha hesabu ikatupotea kwa sababu binti wa watu alikuwa analia.

Mijusi wa jamii hii, ya mjusi kafiri na huyu wa buluu, ni wengi mno, zaidi ya aina 1,000 duniani, na kila mmoja amerithi desturi ya maji ya alikotoka. Yule wa madoa kama chui, anayependwa sana na wafugaji wa Ulaya na Marekani, anatoka kwenye nyanda kavu za Pakistan, Afghanistan na India ya kaskazini magharibi. Huyu hutembea ardhini, na kibakuli kifupi cha maji anakijua vizuri. Yule mwenye vishungi juu ya macho vinavyofanana na kope, wa Kaledonia Mpya, aliyedhaniwa ametoweka hadi alipoonekana tena mwaka 1994, huamka jua likizama na kulamba unyevu wa majani. Mijusi wa kijani wa mchana wa Madagaska, ambao ndugu zao wanaishi kwenye minazi na migomba ya Pemba na Unguja, hulamba matone na utomvu wa maua. Na katika jangwa la Namib yuko mmoja mwenye vidole vilivyounganishwa kwa utando kama vya bata. Huko mvua inaweza isinyeshe mwaka mzima, lakini ukungu wa baharini huingia usiku. Unatua juu ya mwili wake, unatua hata juu ya macho yake, ambayo kama ya wengi wa jamii hii hayana kope za kufumba. Anatoa ulimi na kuyalamba macho yake mwenyewe. Jicho lake ndilo jani lake la mkadi.

Kwa hiyo anayefuga aulize kwanza: wangu anatoka wapi, na huko maji huja kwa sura gani? Akishajibu hilo, nusu ya kazi ameimaliza. Hata hivyo nashauri kibakuli kiwekwe kwa wote, hata wanaolamba majani, kwa sababu wengine hujifunza kukitumia, na siku mfugaji akichelewa kurudi kitakuwa akiba. Kiwe kifupi, kimo cha maji kisizidi bega la mjusi aliyesimama, na ndani yake pawe na kijiwe kilichochemshwa cha kupandia. Mjusi mdogo anaweza kuzama kwenye maji ambayo sisi tunayaona ni ya kulowesha vidole tu. Nyenje anaowawinda nao huzama, na nyenje aliyeoza huharibu maji kwa saa chache.

Kiu ya mjusi ina hila, maana haina sauti. Mbuzi hulia, mbwa husimama mlangoni na ulimi nje, mjusi hunyamaza tu. Anayemjua hutazama macho, hutazama ubavu, na zaidi ya yote hutazama kinyesi. Kinyesi cha mjusi kina sehemu mbili: ya kahawia, na kidonge cheupe pembeni. Kile cheupe ndicho mkojo wake. Mwili wake hautupi uchafu wa damu kwa maji mengi kama wetu. Huugeuza kuwa asidi ya yuriki, unga mweupe usiohitaji maji mengi kutoka. Ni ubahili wa ajabu, ndio unaomwezesha kuishi kwa umande. Lakini ubahili una mpaka. Maji yakipungua mno, kidonge kile huwa cha manjano na kigumu kama punje ya mchanga badala ya kuwa laini kama chokaa iliyoloa. Hali ikiendelea, unga unaanza kubaki ndani, kwenye figo na kwenye viungo. Hiyo ni jongo, maradhi yaleyale yanayowatesa wazee wetu vidole vya miguu, na kwa mjusi mara nyingi hugundulika figo zikiwa zimeshaharibika.

Dalili nyingine ni ngozi. Mjusi hujivua ngozi yake yote na wengi huila. Hewa ikiwa kavu, hasa kwenye nyumba za Ulaya zinazopashwa moto miezi mitano, ngozi hukatikia njiani na vipande hubaki kama pete kwenye vidole. Pete ile hukauka na kubana. Kidole hukosa damu, huwa cheusi, hudondoka. Kwa mnyama anayepanda ukuta kwa vidole, huo ni ulemavu wa maisha, na chanzo chake ni kunyunyizia maji mara moja pale ilipotakiwa mara mbili. Ukiziona pete hizo, usizivute. Weka kikasha chenye kitambaa safi kilicholowana ajifiche humo, zitalainika zenyewe.

Na usimshike ili kupima kiu yake. Mkia utabaki mkononi mwako. Wala usimfungue kinywa umimine maji, kwani yatakwenda mapafuni. Tone moja kwenye ncha ya pua, kwa kidondoshi cha dawa ya macho, linatosha. Akililamba, mpe jingine. Asipolamba kabisa na macho yamezama, huyo ni mgonjwa wa daktari wa wanyama, si wa nyumbani tena.

Sasa tuyatazame maji yenyewe.

Swali ninaloulizwa zaidi ni la klorini. Watu wanaogopa dawa ya maji ya bomba kuliko wanavyoogopa uchafu, na nadhani hofu hiyo wameirithi kwa wafuga samaki na vyura. Samaki hupumua ndani ya maji, chura huyanywa kwa ngozi, na kwao klorini ni sumu kweli. Mjusi amevaa magamba na hunywa kwa kinywa kama sisi. Klorini ya kipimo cha maji ya kunywa haijawa adui yake mkubwa. Asiyependa harufu yake ayaache maji kwenye chombo kipana, kilichofunikwa kwa kitambaa chepesi, kwa siku moja, klorini itaruka. Lakini kama mamlaka ya maji ya mji wake hutumia kloramini, kusubiri hakusaidii, kwani hiyo haitoki kwa kukaa. Hapo inahitajika dawa ya kuondoa klorini inayouzwa kwa wafuga samaki. Mimi ningechagua maji yenye dawa kuliko maji ya kisima nisichokijua. Kidudu kinaweza kumuua mjusi ndani ya wiki.

Kwa maji ya kisima, ya mto, ya mvua au ya dumu la mkokotenini, dawa yake ni moto. Yachemke kwelikweli, mapovu makubwa, kwa dakika moja kamili, kisha yapoe yakiwa yamefunikwa. Moto huua vijidudu. Lakini moto hauondoi kitu kingine, na hapa watu wengi hukosea. Kisima cha pwani chenye chumvi ukikichemsha hubaki na chumvi, tena iliyozidi, kwa kuwa maji yamepungua na chumvi imebaki. Vivyo hivyo floraidi ya Arusha, Kilimanjaro na sehemu nyingine za Bonde la Ufa, ile iliyowapaka watu wa huko meno rangi ya kahawia. Chungu hakiiondoi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 za floraidi kwa lita kwa ajili ya binadamu, na visima vingi vya huko vinavuka kikomo hicho. Mwili wenye uzito wa gramu chache sitaki kuufanyia majaribio kwa maji ambayo mtoto wangu nisingempa. Anayeishi maeneo hayo atumie ya mvua yaliyochemshwa, au ya chupa. Na akivuna ya mvua, mvua ya kwanza aiache ioshe bati: vumbi na kinyesi cha ndege vyote hushuka nayo.

Ujerumani tatizo lilikuwa tofauti. Wiki ya tatu binti yetu aliniletea picha ya kioo cha kizimba kilichojaa madoa meupe, kama mtu amekirushia chokaa. Yalikuwa maji magumu, yenye madini mengi ya chokaa, ambayo sabuni yake huchelewa kutoa povu. Kwa kunywa hayana ubaya. Huyu mjusi babu zake waliishi juu ya mawe ya chokaa. Ubaya wake ni kwamba huziba tundu la chupa, hufunika majani utando mweupe, na matone hayatambuliki tena kwenye kioo chenye madoa. Alitaka kuhamia moja kwa moja kwenye maji yaliyotoneshwa, yale ya betri na pasi. Nilimshauri achanganye nusu kwa nusu kwa kunyunyizia, ahakikishe yameandikwa kuwa ni safi kabisa na hayana manukato, kwa kuwa yale ya pasi mengine hutiwa harufu ya maua. Kibakulini abakize ya bomba. Na asubuhi aache bomba litiririke kidogo kwanza, achukue ya baridi, si ya moto: maji yaliyolala kwenye mabomba ya nyumba kuukuu hubeba risasi na shaba, na ya moto hubeba zaidi.

Kisha nikamwomba kitu ambacho hakukitarajia. "Fungua ile chupa ya kupulizia," nikamwambia. "Chomoa mrija, upitishe kati ya vidole viwili."

Kimya kidogo. "Mjomba, unateleza."

Kila aliyewahi kusugua ndoo ya maji anaujua utelezi huo. Ni mji wa bakteria, waliojijengea ute wa kujifunika, na huota kwenye plastiki yoyote yenye maji yaliyokaa, hata yawe yalichemshwa. Kibakuli mfugaji hukiona, kwa hiyo hukiosha. Chupa hana habari nayo. Anaiongezea maji juu ya maji ya juzi, anaiacha kando ya taa yenye joto, na kila asubuhi anawapulizia bakteria hao kwenye jani analolamba mnyama wake, na wengine anawavuta yeye mwenyewe kwa pua. Maji yaliyoingia salama yanatoka machafu. Kama msomaji atachukua jambo moja la vitendo kutoka sura hii, achukue hili: chupa imwagwe kila jioni, iachwe wazi ikauke, na mara moja kwa wiki ioshwe kwa sabuni na brashi nyembamba, mrija kwa mrija. Baada ya sabuni, na si kabla, itiwe jiki iliyochanganywa na maji, kipimo kimoja cha jiki kwa tisa vya maji, ikae dakika kumi, isuuzwe hadi harufu iishe, ikauke kabisa. Jiki ikikuta uchafu hupoteza nguvu zake kwenye uchafu huo, ndiyo maana sabuni hutangulia. Wenye mpira wa dripu unaodondosha maji polepole juu ya majani wafanye vivyo hivyo, kwani mpira mwembamba hushika utelezi kuliko chupa.

Sponji kibakulini, ambayo wengine huiweka ili nyenje wasizame, itolewe leo hii. Hakuna kitanda kizuri cha bakteria kuliko hicho. Vitamini zisitiwe kwenye maji pia: huozesha maji, hubadili ladha, na hakuna anayejua mjusi amekunywa kiasi gani. Mahali pake ni juu ya chakula.

Kuna kidudu kimoja ambacho jiki haikiwezi, kriptosporidia. Kwa mijusi wa madoa ni janga: mnyama anakula na huku anakonda, mkia uliokuwa mnene kama kidole gumba unabaki kama kijiti. Hutoka na kinyesi, na kinyesi kikidondoka kibakulini maji yanakuwa njia ya kumfikia kila anayekunywa hapo. Gamba lake huvumilia klorini. Joto halilivumilii. Kwa hiyo bakuli, baada ya kuoshwa, limwagiwe maji yanayochemka, na kila kizimba kiwe na bakuli lake na chupa yake. Mjusi mgeni akae chumba kingine miezi kadhaa, na ahudumiwe wa mwisho.

Na sisi je? Mjusi mwenye afya kamili anaweza kubeba Salmonella tumboni bila kuumwa. Mwaka 2015 Marekani walifuatilia watu walioharisha katika majimbo mengi, wakafika kwa wale mijusi wenye vishungi wa Kaledonia Mpya walionunuliwa madukani. Bakuli la mjusi lisioshwe kwenye sinki la vyombo vya chakula. Liwe na ndoo yake na brashi yake, na maji yake yamwagwe chooni. Mikono ioshwe kwa sabuni kila mara, na watoto walio chini ya miaka mitano watazame kwa macho tu. Maji salama ni ya pande zote mbili za kioo.

Binti yetu sasa hunyunyizia saa moja asubuhi na tena jioni, na katikati huacha kizimba kikauke, kwa kuwa unyevu usiopumua huleta kuvu. Macho ya mjusi yamejaa. Majani ni ya plastiki bado, ila ameyapanga kwa kuzunguka fimbo, yakiwa yamejikunja katikati, baada ya mimi kumtumia picha ya mkadi. Asubuhi mjusi humsubiri kwenye jani la tatu kutoka juu, upande wa dirisha.

Desemba anakuja nyumbani kwa wiki tatu, na amemwomba jirani yake, mama mzee wa ghorofa ya chini, ashike zamu. Juzi alinisomea karatasi aliyombandikia mlangoni mwa jokofu. Haikuwa ndefu. Chupa mbili, moja ikitumika nyingine ikikauka. Maji ya bomba la baridi, nusu. Ya kutoneshwa, nusu. Usimnyunyizie yeye, nyunyizia majani. Osha mikono. Na mwisho kabisa, kwa herufi kubwa: USIONDOKE MPAKA UMWONE AKILAMBA.